Lenzi ya Ukoo Mwingine

Ruaha Mbuyuni watu husimama kununua vitunguu. Basi la Mbeya au la Tunduma likipaki, madirisha yanafunguliwa, mikono inatoka na noti, nyavu nyekundu zinaingia ndani, konda anagonga bodi na safari ya kuutafuta mlima Kitonga inaendelea. Hakuna anayeshuka kutazama ndege. Nami nimezaliwa hapa, nimeuza vitunguu hapa, na studio yangu ya picha nimeifungua hapa hapa, sikuwatazama pia. Kwangu ndege alikuwa yule anayekula mbegu kitaluni, na dawa yake ilikuwa debe la kugonga.

Ushuhuda huu si wa kanisani, ingawa nimeshautoa mara nyingi kwa sauti ile ile ya kusimama mbele ya watu. Wapiga picha wenzangu wa Ilula na Iringa mjini wakiniona na bomba jeusi la lenzi begani huuliza swali moja: "Dada, mbona hiyo si ya Canon? Inafanya kazi kweli?" Inafanya. Imenibadilishia kazi, imenibadilishia saa ya kuamka, na imenifundisha kutoogopa jina nisilolijua. Nitaeleza ilivyokuwa, kwa faida ya yeyote anayehesabu akiba yake sasa hivi na kujiuliza kama ainunue.

Studio yangu ilikuwa ya picha za paspoti, kipaimara, mahafali na harusi. Simu zilipopata kamera nzuri, wateja walipungua taratibu, kisha ghafla. Kijana anamsimamisha mwenzake mbele ya shuka la buluu, anampiga, picha inatumwa, imekwisha. Sikuwalaumu. Ningekuwa mimi ningefanya vile vile. Nikabaki na kamera ya Canon yenye ile lenzi ndogo ya 18-55 inayouzwa nayo, na swali la kufanya nini ambacho simu haikiwezi.

Jibu lilitoka uwanjani. Kocha wa timu moja ya vijana alitaka picha za wachezaji wake wakicheza, si zile za kupanga mstari wamekunja mikono. Nikasimama pembeni ya uwanja na 18-55 yangu. Kilichotoka ni uwanja, vumbi, na watu wadogo wasiotambulika hata na mama zao. Simu za watazamaji zilifanya vibaya zaidi: ukivuta kwa vidole, uso unageuka vipande vya rangi. Kumbe kitu kilichobaki kwa mwenye kamera ni umbali, na umbali unanunuliwa kwa lenzi ya kuvuta.

Nikaanza kuuliza bei. Lenzi ya Canon ya milimita 600 yenye f/4, ile tunayoiona kwenye televisheni nyuma ya magoli, nyeupe na kubwa, ilikuwa zaidi ya dola 10,000 ikiwa mpya, na ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4. Nilicheka peke yangu. Ile ya 100-400, toleo la pili lililotoka mwaka 2014, ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 2,199. Hapo sikucheka tena, maana niliona ni bei ambayo mtu angeweza kuifikiria na bado asiifikie. Vitunguu vina mwaka wake mzuri, lakini hata mwaka mzuri una ada za shule ndani yake.

Mwaka huo huo wa 2014 wapiga picha wa dunia nzima walikuwa wakizungumzia lenzi nyingine kabisa: Tamron ya 150-600, f/5 hadi f/6.3, iliyotangazwa mwishoni mwa 2013 kwa dola 1,069. Sigma nao wakaja na zao mbili za urefu huo huo: moja nzito inayoitwa Sport, karibu kilo 3, na nyingine nyepesi inayoitwa Contemporary, dola 1,089. Kabla ya hapo milimita 600 zilikuwa za watu wa magazeti na wa filamu za wanyama. Ghafla zikawa za mwalimu, za daktari, na, kwa kununua iliyotumika, za muuza vitunguu.

Tatizo halikuwa pesa peke yake. Kwetu kila kitu cha dukani ni orijino au ni feki, hakuna cha katikati. Simu, charja, betri, viatu: ndivyo tulivyolelewa na Kariakoo. Lenzi inayofungwa kwenye Canon bila kuandikwa Canon ikaingia moja kwa moja kwenye fungu la pili. Mpiga picha mmoja wa Mbeya, mtu mzima ninayemheshimu, aliniambia itaniunguzia kamera. Nilimwamini kwa muda mrefu.

Aliyenitoa huko hajawahi kushika kamera. Ni fundi wa malori, mzee wetu hapa barabarani. Magari yanayoshuka Kitonga kuelekea Dar es Salaam hufika kwetu breki zikinuka, na yeye hula kwa harufu hiyo. Nilikwenda kumpiga picha ya kitambulisho, nikamkuta chini ya trela.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ngoja nitoke, nisipigwe picha miguu tupu."

Alipotoka tukazungumza, nikamweleza habari ya lenzi na hofu yangu. Akaokota kipande cha breki kilichochakaa, akakipangusa kwa kidole gumba mpaka maandishi yakaonekana.

"Hili lori ni Scania. Soma hapa. Pameandikwa Scania?"

Hapakuandikwa. Palikuwa na jina la kiwanda kingine.

"Hawa hawatengenezi lori hata moja," akasema. "Kazi yao breki tu, na wameandika jina lao wenyewe, wazi, ukipata tabu unajua pa kwenda kulia. Feki ni ile iliyoandikwa jina la mwenzake. Sasa hiyo ya kwako imeandikwa nani?"

Imeandikwa Tamron, nikamjibu, kwa herufi kubwa.

"Basi huyo hajakuficha kitu."

Kuanzia siku hiyo nikaanza kusoma habari za hao watu badala ya kuogopa habari zao. Tamron ilianza mwaka 1950 huko Urawa, Japani, na jina lake limetokana na mhandisi Uhyoe Tamura. Mwaka 1957 walitoa pete ya kufungia iliyoitwa T-mount, iliyomwezesha mtu mwenye lenzi moja kuifunga kwenye kamera za kampuni tofauti kwa kubadilisha pete tu. Sigma ilianzishwa na Michihiro Yamaki mwaka 1961, na kiwanda chao kiko Aizu, Fukushima. Yaani watu hawa wanasaga vioo tangu kabla Tanganyika haijashusha bendera ya Mwingereza au mwaka ule ule ilipoishusha. Wana udhaifu wao, lakini hawajaanza jana.

Udhaifu wao nitausema, kwa sababu wauzaji hawausemi. Canon walipoanzisha mfumo wao wa EF mwaka 1987, mazungumzo kati ya lenzi na kamera yakawa ya umeme, na namna ya mazungumzo hayo hawakuwagawia wengine. Sigma na Tamron wakajifunza kwa kusikiliza. Ndiyo maana lenzi nyingi za Sigma za enzi za filamu hugoma kwenye kamera za dijitali za Canon. Ujanja wake ni mbaya: ukipiga tundu la mwanga likiwa limefunguliwa lote, picha inatoka safi, ukilipunguza, kamera inaandika kosa na kuzima. Mtu akijaribu mara moja dukani anaondoka akifurahi. Kwa hiyo lenzi ya zamani ijaribuni kwa f/11, si kwa namba iliyokutwa pale.

Wa Nikon nao wana lao. Kamera za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Zinategemea mota iliyomo kwenye lenzi. Tamron ya 70-300 ya bei ya chini kabisa, ile ya mwanzo, haina mota. Ukiifunga kwenye D3200 inakaa vizuri, inapendeza, na haifokasi mpaka uzungushe kwa mkono. Nimeona kijana akiiita mbovu. Haikuwa mbovu, ilihitaji kamera nyingine.

Nikiwa katika maulizo hayo nilikaribia kununua hiyo hiyo 70-300 ya bei ya chini, kwa Canon. Nashukuru niliiazima kwanza. Kwa maua na vipepeo ni tamu sana, kwa sababu inasogea karibu hadi kukupa kitu nusu ya ukubwa wake halisi. Lakini haina kituliza mtikisiko, na ukiifikisha 300 jioni mkono wako wote unaonekana kwenye picha. Kwa urefu huo leo sishauri mtu aende kwa kampuni nyingine kwa ajili ya unafuu tu. Canon wenyewe wana 55-250 ya mwaka 2013, nyepesi, gramu 375, ina kituliza mtikisiko, na iliyotumika haina bei ya kutisha. Ukitaka 70-300 ya Tamron, tafuta ile waliyoitoa 2010 kuadhimisha miaka yao 60, yenye herufi VC, ambazo kwao ndizo kituliza mtikisiko. Sigma wanaiandika OS na Canon wanaiandika IS. Faida ya kwenda kwa ukoo mwingine huanza pale ukoo wako unapokuacha, na Canon wa kamera hizi ukishavuka milimita 300 hukuacha haraka.

Halafu kuna hesabu ambayo iliniondolea wivu wote. Gawa urefu wa lenzi kwa namba yake ya f. Mia sita kwa 4 ni 150: kioo cha mbele cha ile lenzi nyeupe ni lazima kiwe na upana wa milimita 150 hivi. Mia sita kwa 6.3 ni 95, na kweli filta ya Tamron ile, na ya Sigma Contemporary, ni ya milimita 95. Bei kubwa imelala pale, kwenye ujazo wa kioo na usafi wa kukisaga. Kinachopatikana kwa kioo kikubwa ni mwanga mara mbili na nusu. Sasa mimi ninayefanya kazi katika bonde hili, ambako jua likichomoza halina haya, mwanga si kitu ninachokikosa zaidi. Mtu wa msituni Udzungwa, chini ya miti, atasema tofauti, na nitamkubalia.

Nilinunua Tamron ya kwanza ya 150-600, iliyotumika, Dar es Salaam. Ile ya pili, G2 ya mwaka 2016, ilikuwa bora na ilikuwa mbali na mfuko wangu. Sikununua duka la kwanza. Pale, duka silitaji, niliomba kuwasha tochi ya simu. Mwenye duka akauliza ya nini. Nikaondoa vifuniko vyote viwili, nikamulika kutoka nyuma huku nikiangalia mbele kwa pembeni. Vumbi dogo halina neno. Kila lenzi inalo. Lakini ndani kabisa, kwenye kioo cha katikati, kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba zilizotawanyika kutoka sehemu moja, kama mizizi ya mche wa kitunguu ukiung'oa. Ni fangasi. Lenzi iliyokaa pwani ndani ya begi lenye unyevu huota, na ikishaota asidi yake inakula utando uliopakwa juu ya kioo. "Hiyo haionekani kwenye picha, dada yangu," akaniambia. Kwenye picha ya mchana labda. Ukipiga kitu chenye jua nyuma yake, utaiona.

Ile niliyoinunua niliitoa nje hadi mlangoni, nikaielekeza kwenye bango la wakala wa pesa ng'ambo ya barabara. Nikapiga kwa 150, kwa 400, kwa 600, tundu limefunguliwa lote, kisha kwa f/8, kisha kwa f/11. Nikavuta picha kwenye kioo cha kamera na kulinganisha namba za simu zilizoandikwa pembe ya kushoto na za pembe ya kulia. Kama upande mmoja unasomeka na mwingine haueleweki, kuna kioo kimekaa mshazari, lenzi hiyo iliwahi kuanguka. Nikaitazama miguu ya shaba inayogusana na kamera, haikuwa na mikwaruzo ya bisibisi. Nikaielekeza chini nione kama bomba linajishusha lenyewe. Lilijishusha kidogo, hilo nililikubali, maana swichi ya kulifunga ipo. Kwa 600 iliyofunguliwa lote herufi zilikuwa laini, kwa f/8 zikakaza. Nililipa.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe lenzi ndefu ina mpinzani ambaye bei haimshindi, naye anaishi kwetu. Ruaha Mbuyuni ni shimo la joto. Ukitoka hapa kupanda Iringa mjini unakwenda zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na unatafuta sweta njiani. Kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hewa ya hapa huanza kucheza. Ukitazama lami kwa macho unaona kama maji yanayotetemeka. Ukitazama kwa milimita 600, ambazo kwenye kamera yangu yenye kihisi kidogo ni sawa na 960, unaona hewa yote kati yako na mbuyu ikipanda. Ndege akiwa mbali mita 80, saa sita mchana, manyoya hayatoki. Unaweza kufunga lenzi ya dola 10,000 na bado yasitoke. Kosa linaonekana ni la lenzi, na wengi huziuza kwa sababu hiyo.

Hapo ndipo nilipobadilika mwili mzima. Mimi ni mtu wa usiku, mtu wa harusi, wa kulala saa nane na kuamka jua limepanda. Sasa saa kumi na mbili alfajiri niko mtoni. Maji ya Ruaha Mkuu yanatoka bwawa la Mtera na kwenda Kidatu, sisi tuko katikati, na kingo za udongo kando ya mashamba zina matundu yaliyochimbwa na keremkerem wa paji jeupe. Nilikuwa napita hapo na ndoo kila siku. Ni ndege wa kijani mgongoni, koo jekundu, na wanaishi kwa ukoo: wakubwa wasio na vifaranga huwalisha vifaranga wa ndugu zao. Anakamata nyuki, anarudi kwenye kijiti kile kile, anampigiza kwenye mti na kumsugua mpaka mwiba utoke, ndipo anameza. Yote hayo yanatokea katika sekunde chache, na kwa kuwa anarudi kijiti kile kile, huhitaji kumfukuza. Unaelekeza lenzi kwenye kijiti na kungoja.

Lenzi haishikwi mkononi asubuhi nzima. Ina karibu kilo 2. Nimeshona mfuko wa kanga, nikatia kilo mbili za maharage, nauweka juu ya ukuta wa mfereji wa umwagiliaji na kulaza lenzi juu yake. Kasi nafunga 1/1250, tundu f/8, ISO inapanda yenyewe. Kituliza mtikisiko kinatuliza mkono wangu tu, hakimzuii ndege kuruka, wala mchezaji kukimbia. Hilo nawaeleza vijana kila mara, maana wengi hununua VC wakidhani wamenunua kasi. Kamera nyingi za Canon za umri wa yangu zimetengenezwa fokasi yake ifanye kazi hadi f/5.6. Lenzi ya f/6.3 inafokasi pia, ila mwanga ukipungua husitasita, huenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta. Kwa hiyo mechi ya jioni naivuta mpaka 300 tu, ambako ina mwanga zaidi, na kusogea karibu na goli. Miguu bado ni sehemu ya lenzi.

Mapato yamerudi, si kwa fujo. Timu za mpira hulipa, wazazi hulipa zaidi kuliko timu. Mwongozaji mmoja wa watalii wa upande wa Tungamalenga, karibu na lango la Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, alizichapisha picha zangu za hondohondo na kwezi kwa ajili ya kuwafundisha vijana wake majina. Huko Ruaha yuko kwezi wa kijivu ambaye ni nadra kuonekana nje ya Tanzania, na wageni hutoka mbali kumtafuta. Mtoto wa shule wa kwetu hamjui. Mwalimu wa sayansi hapa ameziomba abandike darasani, nikampa bure. Debe la kugonga ndege nimelistaafisha, ingawa mume wangu hajakubaliana nami kuhusu kitalu.

Kuna jambo ninalolifuatilia. Dunia inahamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na Canon, walioanzisha mfumo mpya wa RF mwaka 2018, waliufunga kwa muda mrefu. Aprili 2024 ndipo Sigma na Tamron walipotangaza lenzi za kwanza za kufokasi zenyewe kwenye RF kwa ruhusa ya Canon, za kihisi kidogo, na zote fupi. Bomba refu la bei nafuu halikuwemo. Lakini kwa sababu wenye pesa wanahama, lenzi zao za EF zinauzwa, na zile Tamron na Sigma za 150-600 zinafika Dar es Salaam kwa bei inayoshuka. Lenzi ya EF inafungwa kwenye kamera ya RF kwa pete ya Canon wenyewe, kwa hiyo anayenunua leo hajajifungia mlango. Kijana wa studio ya Ilula ameniletea picha za simu za moja iliyotumika, Contemporary, anataka niseme ndiyo au hapana. Nimemwambia sijibu kwa picha: aniletee lenzi yenyewe, na tochi.